Usinunue kompyuta ya jeki kabla hujapima volti jeki zikiwa kazini

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, kazi yangu ni kuendesha lori. Mwaka jana nilinunua trela la kulala la mtumba, futi 28, lenye jeki za umeme, ile miguu ya kulinyanyua trela, zinazolisawazisha zenyewe ukibonyeza kitufe kimoja. Nyumbani uani zinafanya kazi safi. Tukifika kambini, jeki ya mbele inapanda vizuri, lakini zikianza za nyuma, ya kushoto inajikongoja, kioo kinaandika kwamba volti ni ndogo, na kila kitu kinasimama. Betri nimeipima, inasoma 12.6. Mara mbili kazi ilikamilika bila tatizo, lakini mke wangu aliweka yai mezani likabingirika hadi sakafuni. Karakana moja imenishauri nibadilishe kompyuta ya jeki, kile kiboksi kinachoziendesha, na bei ni mamia ya dola. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue, angalau si sasa. Kompyuta za jeki huharibika, na nimezitoa nyingi, hasa zilizonyeshewa. Lakini maelezo yako yana mambo mawili yanayoiondolea yako lawama kabla hatujashika hata bisibisi: uani jeki zinafanya kazi, na kambini kioo kinalalamikia volti. Kompyuta inayosema volti hazitoshi kwa kawaida inasema kweli. Ukifunga mpya itakaa palepale, itapata umeme uleule, na itakuandikia maneno yaleyale.

Tuanze na huko uani. Bila shaka ukiwa nyumbani trela linakuwa limechomekwa kwenye umeme wa nyumba. Umeme huo unapita kwenye chaja iliyomo ndani ya trela, na chaja inaipandisha betri hadi volti 13.6 au zaidi. Tena uani pako nadhani ni tambarare, jeki hazina kazi kubwa. Kambini ni tofauti: umeshalifungua trela kutoka kwenye pikapu, waya wa umeme wa kambi bado hujauchomeka, ardhi imeinama, betri iko peke yake. Jeki ya mbele inaanza, inainua uzito wake, kisha zinafuata za nyuma, na katika mifumo mingi hizo hutembea mbili kwa pamoja. Mota moja ikiwa imebeba uzito inaweza kuvuta ampea 20, 30 na zaidi. Taa zote za trela ukiziwasha kwa pamoja kwa kawaida hazifiki huko, ndiyo maana taa zinawaka vizuri na mtu anaapa kwamba betri ni nzima.

Hiyo 12.6 uliyoisoma ni ya kweli, ila uliisoma betri ikiwa imepumzika. Betri ya asidi iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, iliyobaki nusu husoma karibu 12.2. Namba hiyo inakueleza chaji, haikuelezi nguvu. Betri kuukuu inaweza kusoma 12.6 asubuhi na kuporomoka hadi 10 mara tu ukiidai ampea 40. Wewe ni dereva wa lori, unalijua hili: dashibodi inawaka yote, unazungusha ufunguo, starta inalia tik, basi. Tunachotafuta ni volti zinazobaki wakati jeki inainua. Karibu yote nitakayokueleza hapa yanatoka kwenye kipimo hicho kimoja.

Chagua siku ambayo hamna haraka. Chomoa umeme wa nyumba na uache betri itulie saa tatu au nne. Trela liwe limefunguliwa kutoka kwenye gari, magurudumu yametiwa kabari mbele na nyuma, pande zote mbili, na chini ya kila jeki weka kipande kipana cha ubao. Mtu yeyote asiingize hata mkono chini ya trela wakati jeki zinatembea, wala trela likiwa limebebwa na jeki peke yake. Jeki hizi ni za kusawazishia. Hazikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini, wala si za kubadilishia tairi.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse nguzo chanya ya betri yenyewe, ile risasi, siyo klampu iliyoishika. Nyeusi iguse nguzo hasi. Mwombe mama watoto akae kwenye vitufe akuinulie jeki ya nyuma kushoto peke yake, kwa kitufe chake, siyo kile cha otomatiki. Soma namba pale mguu unapokuwa umeshagusa ubao na mwili wa trela unaanza kunyanyuka kwenye springi zake. Mguu ukiwa bado hewani mota inafanya kazi ndogo sana, na namba utakayoipata itakudanganya.

Ikishuka kutoka 12.6 hadi 12.1 au 11.9 na kutulia hapo, betri ni nzima, na mwizi yuko kwenye nyaya. Ikiporomoka kuelekea 10 huku inaendelea kushuka, betri imechoka. Hata hapo usikimbilie kununua: maduka mengi ya vipuri huku Marekani hupima betri bure kwa mashine inayoitwisha mzigo, wape waithibitishe. Trela la mtumba la Ohio limeshalala nje misimu kadhaa ya baridi, na betri iliyoachwa bila chaji miezi yote hiyo hairudi kuwa ilivyokuwa. Hata betri nzima, kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya uwezo wake. Ukienda kambi mwezi wa kumi na moja utaliona.

Tuseme betri imefaulu. Sasa peleka mita kwenye kompyuta ya jeki, pale nyaya mbili nene zinapoingia, chanya na hasi, na umwombe arudie jeki ileile. Kwenye betri ulipata 12.1, hapa, kwa mfano, unapata 10.4. Volti 1.7 zimepotea njiani, na njia yenyewe ni ya mita chache tu. Igawe. Gusa nguzo chanya ya betri kwa ncha moja na skrubu chanya ya kompyuta kwa ncha nyingine, jeki ikiwa inainua. Mita itakuonyesha kilichopotea upande huo peke yake, tuseme 0.2. Kisha hasi ya betri kwa hasi ya kompyuta: 1.5. Umemshika. Mimi nikiona zaidi ya nusu volti upande wowote, sigusi kitu kingine mpaka nimefungua kila kiungo cha upande huo.

Sasa utaona pia kwa nini uani jeki zako zina afya. Chaja inatoa 13.6, toa 1.7 zinazoibwa njiani, zinabaki 11.9, na kompyuta inaridhika. Kambini betri inaanzia 12.1, toa zilezile 1.7, unabaki na 10.4, tena hapo ni jeki moja. Za nyuma zikitembea mbili, hasara nayo inakaribia kuwa mara mbili. Ugonjwa ni ule ule nyumbani na kambini, ila nyumbani chaja inaufunika.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo naomba nisimame kidogo. Fundi anachukua mita, anaiweka kwenye omu, yaani kupima ukinzani, anapima waya jeki zikiwa zimelala, mita inasoma sifuri, anasema nyaya ni nzima na anahamia kwenye kompyuta. Piga hesabu: volti 1.5 zinazopotea kwa ampea 30 ni ukinzani wa omu 0.05. Mita ya mkononi ya kawaida haiuoni ukinzani mdogo hivyo, kwa sababu nyaya za mita yenyewe mara nyingi zina zaidi ya huo. Waya ambao nyuzi zake karibu zote zimekatika, zimebaki mbili tatu, utasoma sifuri sawa na waya mzima. Lazima umeme mkubwa upite ndipo uozo ujitokeze.

Miaka kadhaa iliyopita walinijia wazee wawili, mume na mke, wastaafu, na trela ambalo karakana moja ilikuwa imeshalifunga kompyuta mpya mara mbili. Malalamiko yalikuwa kama yako. Nikapima kama nilivyokueleza, na upande wa hasi ukaniambia 1.8. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye fremu kwa bolti, mbele, chini ya mitungi ya gesi. Bolti ilikuwa imekazwa kisawasawa, ukiitikisa haitikisiki. Nilipoifungua, chini ya kichwa cha waya nikakuta duara la rangi nyeusi ya fremu, bado inang'aa, haijawahi kukwanguliwa. Aliyeifunga siku ya kwanza alikaza juu ya rangi. Miaka yote hiyo umeme wa jeki ulikuwa unapita kwenye hesi za bolti tu, nazo zilikuwa zimejaa unga mwekundu wa kutu. Kichwa cha waya kilikuwa kimebadilika rangi, kahawia yenye zambarau, kama chuma kilichopitishwa motoni. Nikakwangua rangi kwa kisu, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikatia kichwa kipya, washa ya meno, bolti mpya, na grisi juu yake kuzuia maji. Nikapima tena: 0.1. Jeki zikapanda bila kusita. Yule mama akaishika ile bolti ya zamani kiganjani, akaniuliza kama pesa za kompyuta mbili zitarudi. Sikuwa na jibu la kumpa, na uchungu wa siku ile ndio unaonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Kwa hiyo anzia kwenye bolti ya hasi ya fremu. Barabara za Ohio hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo inakaa palepale. Kabla hujafungua kitu chochote, vua klampu ya hasi kwenye betri. Ukitaka kazi ya kudumu, usiitegemee fremu kabisa: vuta waya mnene, unene uleule wa waya wa chanya au zaidi, kutoka nguzo hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye hasi ya kompyuta.

Upande wa chanya mshukiwa ni bleka, kile kikata-umeme cha kulinda waya. Itafute karibu na betri: kiboksi kidogo chenye misumari miwili ya nati, wakati mwingine na kitufe cha kuirudisha. Nyingi hujikata zenyewe zikipata joto, kisha hujirudisha zikipoa, na kwa miaka huzeeka. Baada ya kuinua jeki mara mbili tatu, iguse kwa nyuma ya vidole. Ikiwa ya moto kuliko waya unaoingia, ama nati zimelegea ama bleka imekwisha. Weka nyingine ya ampea zilezile. Ukikuta aliyekutangulia ameunganisha waya moja kwa moja akairuka bleka, irudishe siku hiyohiyo. Waya mnene usio na kinga, chini ya nyumba ya mbao wanamolala watoto, haufai kusubiri wikiendi.

Swali lililobaki ni kwa nini inajikongoja ya kushoto na siyo ya kulia. Inawezekana ni kwa sababu kambini upande huo ndio uliokuwa chini, basi jeki yake ilibeba kazi kubwa zaidi. Lakini baada ya kusafisha nyaya, linganisha: inua ya kulia, kisha ya kushoto, kwenye ardhi ileile. Ya kulia ikienda vizuri na ya kushoto bado ikisuasua huku volti za kompyuta ni nzuri, tatizo limehamia mbele ya kompyuta, kwenye waya wa jeki ile, plagi yake, au jeki yenyewe. Chomoa plagi ya mota uitazame kwenye mwanga. Pini yenye ukijani ni shaba iliyooza. Kisha utazame mguu wenyewe kwa jicho la seremala: mguu uliogongwa na jiwe, au uliowahi kuburutwa barabarani mtu aliposahau kuupandisha, unapinda kidogo tu, lakini mota inaumia. Mota ikizunguka unaisikia na mguu hausogei, pini inayounganisha mota na skrubu ya jeki imekatika. Hiyo ni rahisi kubadilisha.

Kuna dalili moja ya kuiweka akilini, ingawa sidhani ndiyo yako: jeki inaanza kwa nguvu, inatembea sekunde moja hivi, inasimama, na ukibonyeza tena inafanya vilevile. Hiyo si volti. Katika mifumo mingi ya umeme, ndani ya mota mna kihisi cha Hall, kinachoitwa kwa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua jambo hilo la sumaku na umeme mwaka 1879. Mota ikizunguka, kihisi kinatuma mapigo, na kompyuta inayahesabu kujua mguu umefika wapi. Mapigo yasipofika, kompyuta inadhani mota imekwama, na inakata. Mapigo hayo husafiri kwenye nyaya nyembamba zinazoandamana na zile nene, nazo ndizo za kwanza kukatika au kuoza. Ukiona dalili hiyo, fuata nyaya nyembamba kwanza.

Sasa yai la mke wako. Nafurahi alilijaribu, kwa sababu limenionyesha tatizo la pili, lisilohusiana kabisa na la kwanza. Kompyuta haijui meza yako ikoje. Ndani yake, au kwenye kiboksi cha pembeni, mna kihisi cha mwinamo, na siku kilipofungwa mtu aliiambia: hapa, hivi ulivyokaa, ndiyo sawa. Kiboksi kikilegea skrubu moja, au mwenye trela wa kwanza akikihamisha apitishe bomba, mfumo utasawazisha kwa bidii yote kufuata kumbukumbu isiyo ya kweli. Kwanza hakikisha kimekazwa na hakichezi. Kisha chukua pimamaji, ile ndefu ya waashi, iweke sakafuni katikati ya trela, mbele-nyuma na kushoto-kulia, na usawazishe kwa vitufe vya mkono mpaka kiputo kikae katikati pande zote. Hapo ndipo uiambie kompyuta kwamba hii ndiyo sifuri. Namna ya kuiambia inatofautiana kwa kila mfumo, ni mpangilio fulani wa kubonyeza vitufe, na kitabu chako kinao. Fanya hivyo baada ya kutengeneza umeme, siyo kabla, maana zoezi lenyewe linaitesa betri.

Usilichukulie hili kama suala la yai tu. Ikiwa friji yako ni ile inayotumia gesi na umeme, isiyo na kompresa, ndani yake amonia huzunguka kwa joto na kwa kuteremka yenyewe kwenye mabomba. Trela likiinama sana, kimiminika kinatuama, sehemu ya joto inaungua, na madhara yake hayarudi nyuma. Kanuni iliyozoeleka ni isizidi nyuzi 3 kwa ubavu wa friji yenyewe na 6 kwa mbele-nyuma yake. Friji ya kompresa haijali hivyo. Fungua mlango wa nje wa friji: ukiona kichomeo cha gesi, yako ni ile ya kwanza.

Mpaka utakapomaliza kutengeneza, kambini fanya hivi: ukishatia kabari na kulifungua trela, chomeka waya wa kambi kwanza, subiri dakika kumi chaja iipandishe betri, ndipo ubonyeze kitufe. Na ubebe drili yenye betri pamoja na soketi inayolingana na kichwa cha kuzungushia jeki kwa mkono. Mara nyingi kimefichwa chini ya kizibo cha mpira kwenye mota. Kijaribu uani mchana, ujue kiko wapi na kinazunguka upande gani, kabla hujakihitaji usiku mvua inanyesha na watoto wamelala kwenye pikapu.

Ukishapima, niandikie namba nne, zote zikiwa zimesomwa jeki ya nyuma kushoto inainua: volti kwenye nguzo za betri, volti kwenye kompyuta, hasara ya upande wa chanya, na hasara ya upande wa hasi. Nikiziona hizo nitakuambia ufungue bolti ipi.